Jino la papa wa kale: nililipia zima, nikaletewa lililozibwa

Mimi mzaliwa wa Mombasa, papa mkavu nimemla tangu utotoni. Lakini jino la papa kubwa kama kiganja sikuwahi kulishika mpaka nilipoagiza moja kutoka Marekani, likanifikia hapa Kampala.

Ni la megalodoni, papa aliyetoweka takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Muuzaji aliandika kwamba wapiga mbizi walilitoa mtoni huko South Carolina, lina sentimita 11, na halijatengenezwa popote. Nililipa dola 140. Lilichukua wiki tano, na nilipokwenda kulichukua nikadaiwa ushuru ambao sikuwa nimeupigia hesabu.

Kwa uzuri, sina neno. Zito, baridi, jiwe kabisa. Rangi yake ni kijivu cha kuelekea weusi, maana meno haya hupata rangi kutokana na madini ya mahali yalipofukiwa. Ukipitisha ukucha pembeni unahisi vijino vya msumeno, bado vikali. Mwanangu aliuliza mbona hawauzi na taya lake. Nikamweleza kuwa kiunzi cha papa ni gegedu, huoza kikaisha; meno nayo humng'oka kwa maelfu maishani, ndiyo maana yanaokotwa mpaka leo.

Kilichonitia shaka ni mzizi. Pembe moja ilikuwa laini mno, haina vile vitundu vya upande wa pili. Nikalipeleka kwa kijana wa duka la kubadilishia fedha, mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Tulipolimulika, jino likabaki na weusi wake, pembe ile ikang'aa kama kanzu ya Ijumaa.

"Mzee, hili limezibwa," akasema, "kama gego langu."

Kuziba si kosa, na jino lililozibwa lina bei yake, ya chini. Kosa ni kuniambia halijaguswa. Nilimtumia muuzaji picha. Akanyamaza siku nne, kisha akarudisha dola 50. Nikaona heri nikae nalo, nauli ya kulirudisha ingezila zote.

Nikiagiza tena, nitataka kwanza picha za mzizi chini ya taa hiyo, pande zote mbili. Nampa nyota tatu, na zote ni za jino.