Simu za upepo kwenye mafuriko ya Kisauni: uzoefu wangu

Kwa mtaa unaofurika kila mvua ikikaza, hizi simu za upepo, yaani redio koli za mkononi, nazipa alama za juu kwa sababu moja inayozidi zote: ukiongea, kila aliye kwenye chaneli anakusikia papo hapo. Hukai kuwapigia watu mmoja mmoja huku maji yanapanda.

Sisi ni kikundi cha kujitolea cha Mishomoroni, hapa Kisauni, Mombasa. Tulichanga tukanunua redio koli ndogo za UHF (aina ya mawimbi ya redio), zile za bei nafuu ambazo walinzi wa maghorofa hutembea nazo kiunoni. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ndizo zilizozipima. Maji yaliingia majumbani, stima ikapotea, na simu za mkononi zikawa za kubahatisha. Ndiyo hali ya simu wakati wa maafa: mnara ukikosa umeme hutegemea betri na jenereta, na saa hiyohiyo kila mtu anamtafuta nduguye. Redio hizi hazipitii mnara wowote. Yangu inaongea na yako moja kwa moja.

Usiku mmoja kijana wetu aliyekuwa karibu na msikiti aliita: "Mjambere, Mjambere, hapa Msikitini. Kuna bi mkubwa hawezi kutembea na maji yamefika kitandani. Nataka machela na watu wanne. Ova." Mwenzetu wa Mjambere aliyeitwa hakuwa na machela. Aliyejibu ni mwingine kabisa, aliyekuwa anarudi nayo kutoka upande wa pili na yuko karibu kuliko sote. Hakuna aliyejua alipo, ila naye alikuwa anasikiliza. Kwa simu ya kawaida tungezunguka sana kabla ya kumfikia, na mama wa watu yuko majini.

Lakini watu wafundishwe kabla ya mvua, si siku yenyewe. Anazungumza mmoja tu kwa wakati. Wawili wakibonyeza kitufe cha kuongea pamoja, husikiki wewe wala yeye. Halafu ukishabonyeza kitufe, subiri kidogo ndipo useme, kwa sababu redio hukata mwanzo wa neno. Hili kwetu ni la hatari kweli. "Hawako ndani" ikikatwa kichwa inabaki "wako ndani", na vijana wataingia kwenye maji ya kifua kutafuta watu ambao walishahama. Tuliweka kanuni: aliyepokea anarudia ujumbe kwa maneno yake, na kwa habari za watu tunasema "nyumba tupu" au "nyumba ina watu."

Kuhusu umbali, msiamini kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kuta za zege na mawe huyadhoofisha. Barabarani tulisikizana vizuri hadi Bakarani; ukijipenyeza uchochoroni nyuma ya ghorofa unabaki na mkwaruzo. Dawa yake ni kimo. Tulimweka mtu juu ya paa la ghorofa, akawa anapokea maneno ya huku na kuyarudia kule. Kazi hiyo mpeni mtu mtulivu mwenye kumbukumbu. Ushujaa hauhitajiki pale.

Betri sina lawama nayo, mradi usiongee ovyo, maana kurusha sauti ndiko kunakoimaliza; kusikiliza hula kidogo. Chagueni zinazochajiwa kwa waya wa USB ili pawabenki au sola ndogo itoshe. Maji ndiyo udhaifu wake mkubwa. Tulizifunga kwenye mifuko ya plastiki, sauti ikafifia, na moja ilipodumbukia haikuamka tena.

Msinunue na kuanza kuropoka kwenye chaneli yoyote. Masafa ya redio hapa Kenya yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano na yanahitaji leseni. Mkijiwekea wenyewe mnaweza kuwavamia watu wa uokoaji walio kazini. Sisi tulipitia kwa fundi mwenye kibali akatupangia.

Wavuvi wameniuliza kama zitawafaa baharini. Hapana. Baharini inatakiwa VHF ya majini, redio ya vyombo vya baharini inayotumia mawimbi ya aina nyingine, ambayo haisikilizani kabisa na hizi zetu. Chaneli 16 yake, megahezi 156.8, ndiyo ya dharura duniani kote, na hapa Mombasa kuna kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini. Nyingi kati ya redio hizo zimetengenezwa zivumilie kuzama mita moja kwa nusu saa, na baadhi huelea. Bei yake iko juu, lakini kwa mtu anayetoka na mashua usiku mimi ningemwambia achelewe kununua injini kubwa, anunue hiyo kwanza.

Kikundi chetu sasa kinachanga upya. Tunataka redio mbili zisizoingia maji kwa vijana wanaotangulia mbele, zenye masafa yaleyale, na betri ya akiba kwa yule wa juu ya paa.