Kompresa ya lita 50 uani Nyegezi: mtungi mzuri, mpira wa upepo ni wa kutupa

Kwa anayepiga vanishi vitanda, makabati na meza nyumbani kama mimi, kompresa, yaani mashine ya kubana upepo, ya lita 50 yenye mota ya nguvu ya farasi 2 inatosha. Niliilipia shilingi 380,000 duka la vifaa hapa Mwanza mjini, na ningenunua hiyo hiyo tena. Ila vitu vyake vya kuokoa maisha ni vidogo mno, wauzaji hata hawavitaji, kwa hiyo naanza navyo.

Kijana wa duka alisema, "Mama, hii unachomeka tu, haina mambo mengi." Nikamwambia, mwanangu, ichomeke hapa hapa tuione. Ikajaa mpaka bar 8 (bar ni kipimo cha presha), ikajizima yenyewe, ikatoa "fsss" pale kwenye swichi ya presha, yaani upepo uliobaki juu ya pistoni umetoka. Vizuri. Kisha nikavuta kipete cha vali ya usalama: upepo ukatoka kwa kelele, nikaachia, ikafunga. Ikigoma kufunguka, au ikifunguka isifunge, iache mashine dukani hata wakikupunguzia bei. Siku swichi ikigandia, mota haisimami, presha inazidi kupanda, na kinachobaki kukukinga na mtungi ni hiyo vali tu.

Watu hawajui mtungi ule umebeba nini. Kitako cha wangu kina upana wa sentimita 30 hivi. Kwa bar 8, upepo unakisukuma kwa uzito unaozidi tani 5. Ndiyo maana mtungi uliotobolewa na kutu hauchomelewi mtaani, unatupwa. Na usinunue usio na bamba la kiwandani lenye presha ya mwisho. Pale dukani palikuwa na mmoja wa namna hiyo, bei poa kabisa. Sikuugusa.

Kutu yenyewe inatokana na maji, na sisi wa kando ya ziwa tunanunua maji pamoja na hewa. Hewa yenye unyevu ikibanwa kisha ikapoa, maji yanatuama chini ya mtungi. Usipofungua koki ya chini, yanakula chuma kutoka ndani usipoona, na mengine yanapanda na upepo hadi kwenye vanishi, ukiamka meza ya mninga ina mabaka meupe. Mimi nikimaliza kazi nashusha presha mpaka kidogo tu, nainamisha mashine upande wa koki, nafungua taratibu. Yanatoka maji ya rangi ya chai. Nimefunga pia chujio la maji kabla ya bastola ya rangi. Halikuja na mashine, linanunuliwa pembeni.

Mpira wa upepo uliokuja nayo ni wa kutupa. Ule wa plastiki wa kujikunja ni mfupi, na ukipigwa jua unapasuka. Nunua wa mpira mzito wenye nyuzi ndani, mita 15, na uangalie presha iliyoandikwa ubavuni. Ukitaka kufika mbali, refusha mpira, usirefushe waya wa umeme. Mota hizi zinavuta umeme mwingi sana zinapoanza. Kwenye ekstensheni nyembamba volti zinashuka, mota inaunguruma bila kuzunguka, koili, yaani waya za ndani ya mota, inaungua. Kuna wanaotandaza mabomba ya PVC ya maji ukutani kupitisha upepo. Msifanye hivyo jamani. PVC ikipasuka kwa upepo inarusha vipande vyenye makali.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi, usiisubiri iwake yenyewe. Kata kwenye kitufe cha swichi mpaka usikie ile "fsss". Usipofanya hivyo, umeme ukirudi mota inaanza huku upepo umeikandamiza pistoni, na hapo ndipo kapasita nyingi, vile vifaa vya kusaidia mota kuanza, zinapokufa. Kati ya yote niliyoandika, hili ndilo ningependa fundi wa Mwanza alishike.

Mashine yangu naiweka nje, kwenye kivuli cha jiwe kubwa la uani, mbali na pale ninapopulizia. Swichi yake inatoa cheche kila inapowaka na mvuke wa thina, ile ya kuyeyushia vanishi, unashika moto upesi. Hata jiko la mkaa linahamishwa siku hiyo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo, tafuta ya vichujio vya kaboni. Napulizia asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Jioni siwezi kabisa: wale wadudu wa ziwani wakifuata taa, kabati la vanishi mbichi linaota manyoya.

Watoto wa jirani huja na baiskeli. Wanajaziwa, lakini regileta, kile kirungu cha kupunguza presha inayotoka, naishusha kwanza na mpira naushika mimi. Hakuna kujipuliza vumbi mwilini wala kumpuliza mwenzako kwa mzaha. Upepo wa namna hii ukipita kwenye kidonda unaweza kuingia kwenye damu ukaua, na sikioni unapasua ngoma. Miwani navaa, na vizibo vya masikio pia, maana kelele yake ni kubwa kuliko nilivyotegemea.

Malalamiko yangu ni kasi. Bamba linadai lita zaidi ya 200 kwa dakika, lakini hiyo ni hewa inayonyonywa, inayotoka ni pungufu sana. Halafu Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mtungi unachelewa kujaa. Bastola moja ikipuliza mfululizo, geji ya presha inashuka na inabidi nisimame ipumzike, isichemke. Oili nilimwaga ile ya kiwandani baada ya wiki za mwanzo, nikaweka oili ya kompresa hadi kwenye doti nyekundu ya kioo cha kuonyesha oili, si oili ya pikipiki.

Kwa meza, milango na viti, nunua. Anayetaka kupaka gari zima au kuendesha bastola mbili aongeze hela achukue ya lita 100 na zaidi, inayozungushwa kwa mkanda.