Puto la kufungua vali ya moyo: kifaa cha zamani kinachovishinda vipya kwa mgonjwa wa Kisumu na Nakuru

Mgonjwa wa vali ya moyo aliye Kisumu, Kakamega au Nakuru akitafuta tiba isiyohitaji kupasuliwa kifua, hukutana kwanza na vifaa vya bei ya juu: vali ya TAVI inayopandikizwa kupitia mshipa wa paja, na MitraClip inayobana vali inayovuja. Majaribio yake ni makubwa na picha zake zinapendeza. Jambo ambalo vijitabu vya watengenezaji hupita haraka ni aina ya watu waliojaribiwa. Ukishalijua hilo, kifaa kinachostahili kutajwa cha kwanza huku kwetu si kipya hata kidogo. Ni puto la Inoue, ambalo daktari Kanji Inoue wa Japani alianza kulitumia mwaka 1982.

Sababu iko kwenye ugonjwa wenyewe. Marekani na Ulaya, vali inayoleta shida zaidi ni ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, na kinachoiharibu ni chokaa inayojijenga mtu akishazeeka. Huku, chanzo kikubwa ni homa ya baridi yabisi inayomfuata mtoto aliyeumwa koo na bakteria wa streptokoki bila kupata penisilini. Miaka kadhaa baadaye, kingo za mapazia mawili ya vali ya mitrali hugandamana na mlango kati ya chumba cha juu na cha chini cha upande wa kushoto unakuwa mwembamba. Utafiti wa REMEDY, uliosajili wagonjwa 3,343 wa moyo ulioharibiwa na baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen, ulikuta umri wa kati ni miaka 28, na karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Yaani ni mama mwenye watoto wadogo anayeishiwa pumzi akipanda ngazi, wala si babu wa miaka 80.

Jinsi linavyofanya kazi

Vali ya mitrali isiyo na ugonjwa ina mlango wa sentimita mraba 4 hadi 6. Ikifika 1.5 au chini, ugonjwa unahesabiwa kuwa mkali. Puto linachana pale palipogandamana, basi. Haliweki kitu kigeni moyoni na halibadilishi vali.

Daktari anaingia kupitia mshipa mkubwa wa vena kwenye kinena cha kulia, kwa ganzi ya mahali hapo tu. Anapanda hadi chumba cha juu cha kulia, anatoboa ukuta mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vya juu kwa sindano ndefu, kisha mgonjwa anapewa heparini ili damu isigande kwenye vifaa. Tundu linapanuliwa, na puto, likiwa limenyooshwa kwa bomba la chuma ili liwe jembamba, linapitishwa hadi kwenye vali. Hapo ndipo ubunifu wa Inoue unapoonekana. Puto lake lina tabaka za mpira na wavu wa nailoni ambazo hazina nguvu sawa kote, kwa hiyo linajaa kwa zamu: kwanza ncha ya mbele, ambayo daktari huivuta irudi hadi ishike vali kwa chini, halafu sehemu ya nyuma, na puto linakaa kama namba 8 bila kuteleza, mwisho kiuno, na hicho ndicho kinachochana. Kujaza na kutoa huchukua sekunde chache tu, jambo la maana kwa sababu muda wote huo damu imezibwa.

Ukubwa haukisiwi. Kanuni inayotumika ni urefu wa mgonjwa kwa sentimita, ugawe kwa 10, ujumlishe 10. Mwenye sentimita 160 anapata milimita 26. Daktari makini haanzi na 26. Anaanza milimita 2 hadi 4 chini yake, anapima eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na shinikizo, kisha anaongeza milimita moja moja. Kila baada ya kujaza anatazama mambo mawili: mlango umefunguka kiasi gani, na je, vali imeanza kuvuja? Uvujaji ukiongezeka, anaacha hapo hapo hata kama mlango haujafika alipotaka. Atakayekuambia kwamba yeye hujaza mara moja tu kwa ukubwa kamili kuokoa muda, mtafute mwingine.

Ushahidi wake

Hapa ndipo puto linapovipita vifaa vya kisasa kwa mgonjwa wa huku. Majaribio yake ya kugawanya watu kwa bahati nasibu yalifanywa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, katika nchi zenye hali inayofanana na yetu. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 60 wa Hyderabad, India: nusu walitibiwa kwa puto, nusu kwa upasuaji wa kifua wazi. Baada ya miaka mitatu, waliotumia puto walikuwa na mlango wa wastani wa sentimita mraba 2.4, na waliopasuliwa 1.8. Mwaka 1998, Monastir nchini Tunisia ilitoa matokeo ya wagonjwa 90 waliogawanywa makundi matatu na kufuatiliwa miaka saba. Puto lilikwenda sambamba na upasuaji wa kifua wazi, ilhali upasuaji wa zamani wa kupasua vali bila kusimamisha moyo uliachwa mbali: nusu ya watu wa kundi hilo walihitaji kutibiwa tena, dhidi ya mmoja kati ya kumi wa puto.

Kasoro zake nazo zitajwe. Watu 60 na watu 90 ni wachache. Wote walichaguliwa wakiwa na vali laini, kwa hiyo namba hizo hazimhusu mwenye vali iliyokauka. Pia majaribio hayo yalipima mbinu ya puto kwa jumla, si chapa moja. Mbinu nyingine hutumia maputo mawili kwa pamoja, na jaribio la Korea Kusini la mwaka 2000 lililolinganisha mbinu hizo mbili lilikuta matokeo ya muda mrefu yanakaribiana. Inoue linapendwa zaidi kwa urahisi na kasi, na halihitaji waya mgumu kukaa ndani ya chumba cha chini ambako unaweza kutoboa.

Nani hafai

Wengi hukataliwa mezani kwa jambo ambalo eko nzuri ingelionyesha mapema. Ripoti ya eko inayosema tu kwamba vali imebana sana haisaidii kitu. Inatakiwa kutaja eneo la mlango kwa sentimita mraba, tofauti ya shinikizo kati ya pande mbili za vali, kiwango cha kuvuja, na alama za Wilkins. Alama hizo hutolewa kwa mambo manne: mapazia yanavyocheza, unene wake, hali ya nyuzi zilizo chini yake, na chokaa. Kila jambo hupata 1 hadi 4. Jumla ya 8 au chini yake ni habari njema. Ikipita 8, puto halijakatazwa moja kwa moja, ila matumaini yanapungua na upasuaji unaanza kuwa na hoja. Ukiwa Kisumu umepimwa hospitali ya Jaramogi, ile wenyeji wanayoiita Russia, au Nakuru kwenye hospitali kuu ambayo watu bado wanaiita PGH, omba namba hizi ziandikwe, na ubebe picha za eko zenyewe kwenye CD au flashi. Rufaa ya kwenda Eldoret au Nairobi ikifika na karatasi tupu, kipimo hurudiwa na pesa hutoka tena.

Kizuizi kikubwa ni damu iliyoganda ndani ya chumba cha juu cha kushoto. Eko ya kifuani mara nyingi haiioni kwa sababu hukaa kwenye kipembe cha chumba hicho. Lazima ifanyike eko ya kupitia koo, mgonjwa akiwa hajala kwa saa sita. Donge likionekana, mtu anawekwa kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa miezi miwili au mitatu kisha anapimwa upya. Kuharakisha hapa ndiko kunakoleta kiharusi. Wenye vali inayovuja kwa kiwango cha kati au zaidi nao hawafai. Na kwa kuwa puto lina mpira wa lateksi, mwenye mzio wa glavu aseme mapema.

Yanayoharibika

Ajali mbaya kuliko zote ni pazia la vali kuchanika badala ya kingo kuachana. Vali inavuja ghafla, mapafu yanajaa maji, na mgonjwa anahitaji kubadilishiwa vali kwa haraka. Ripoti mbalimbali zinaweka uvujaji mkali kati ya watu 2 na 10 kwa kila 100. Ndiyo maana swali la kwanza kwa hospitali yoyote si bei. Ni kwamba, mgonjwa wenu akichanika pazia saa tano asubuhi, nani atamfungua kifua, na wapi? Jibu likiwa ni ambulensi ya kwenda mji mwingine, fikiria mara mbili. Hospitali ya Tenwek kule Bomet na ile ya rufaa ya Moi (MTRH) kule Eldoret hufanya upasuaji wa moyo wa kifua wazi, kwa hiyo eneo hili si jangwa.

Ajali ya pili ni sindano kutoboa mahali pasipo sahihi, damu ikajaa kwenye mfuko wa moyo. Hili hutegemea mkono wa daktari kuliko ubora wa kifaa. Ulizeni amefanya mangapi, na lini mwisho. Ulizeni pia kama puto ni jipya. Limetengenezwa kwa matumizi ya mara moja, lakini katika nchi nyingi zenye uhaba husafishwa na kurudiwa. Mpira ukichoka, ukubwa unaosomwa kwenye bomba la sindano hauwi tena ukubwa halisi wa puto, kwa hiyo ni lazima lipimwe upana kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla halijaingia mwilini.

Washindani, kwa ufupi

TAVI ni kifaa kizuri kwa ugonjwa mwingine. Jaribio la PARTNER la mwaka 2010, kwa watu 358 wasioweza kupasuliwa, lilishusha vifo vya mwaka mmoja kutoka asilimia 50.7 hadi 30.7, na ni vifaa vichache vya moyo vilivyowahi kufanya hivyo. PARTNER 3 ya 2019 ilichukua watu 1,000 wa hatari ndogo, umri wa wastani miaka 73. Vali hiyo hushikiliwa na chokaa. Kijana mwenye vali ya aota inayovuja kwa baridi yabisi mara nyingi hana chokaa ya kuishikilia. Mzee wa Milimani mwenye miaka 78 na vali ya aota iliyokauka, huyo ndiye mteja wake.

MitraClip kwa mgonjwa wa vali iliyobana ni kosa la moja kwa moja: inabana mlango ambao tayari ni mwembamba. Jaribio la COAPT la 2018, watu 614 wenye vali inayovuja, lilipunguza vifo na kulazwa, lakini liliwaondoa wote wenye mlango chini ya sentimita mraba 4. Mwaka huo huo, MITRA-FR ya Ufaransa, watu 304, haikuona faida yoyote kwa mwaka mmoja. Tofauti inaelezwa kwa kiasi kikubwa na uteuzi wa wagonjwa na jinsi dawa zilivyopangwa kabla ya kuwaingiza.

Klipu ya vali ya upande wa kulia, iliyopimwa na jaribio la TRILUMINATE la 2023 kwa watu 350, haikupunguza vifo; ushindi wake ulitokana na dodoso la jinsi mtu anavyojisikia, na kila mmoja alijua kama amewekewa klipu au la. Hili si dogo, kwa sababu anayejua amewekewa kifaa anaweza kujisikia nafuu kwa kujua tu. REDUCE LAP-HF II ya 2022 ilijaribu kifaa cha kuacha tundu kati ya vyumba vya juu kwa watu 626 wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, baadhi wakifanyiwa utaratibu wa kuigiza bila kuwekewa chochote. Kwa jumla hakukuwa na faida.

Ukialikwa kwenye jaribio lolote la aina hii Kenya, omba namba ya usajili, barua ya kamati ya maadili ya taasisi husika, na idhini ya Pharmacy and Poisons Board, bodi ya serikali ya dawa. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili, Dholuo, Kiluhya au Kikalenjin, na iseme wazi nani atalipa matibabu ukiumia na nani atakayebadilisha kifaa kikiharibika utafiti ukishafungwa.

Kulipa na kurudi nyumbani

SHA ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya serikali, Oktoba 2024, na idhini ya huduma itafutwe kabla ya kulazwa. Omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha puto, chumba cha katheta (kinakofanyiwa utaratibu huu), eko ya koo na kitanda. Puto lenyewe linaweza kuvimbisha bili.

Baada ya utaratibu, lala chali saa kadhaa, kinena kikikaguliwa. Matatu ya Eldoret hadi Kisumu isipandwe siku hiyo hiyo, na mtungi wa lita 20 usibebwe kwa wiki nzima. Eko irudiwe kabla ya kuruhusiwa, halafu kila mwaka. Sindano ya benzathini penisilini ya yuniti milioni 1.2 kila wiki tatu au nne inaendelea, kwani puto haliondoi baridi yabisi. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio aendelee na wafarini, INR, kipimo cha damu cha jinsi dawa inavyofanya kazi, ikikaa kati ya 2 na 3. Jaribio la INVICTUS la 2022 lilionyesha kwamba kuibadilisha kwa rivaroksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, katika ugonjwa huu kulileta vifo zaidi. Anayetaka kushika mimba azungumze na daktari wa moyo kwanza, maana wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na vali iliyobana hufunguliwa vyema kabla ya mimba kuliko katikati yake.