Sanduku lenye k 14: uzoefu wangu wa kuchapisha kadi za sendofu kwa mkono, Dodoma

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza la kila aliyeishika kadi yenyewe. Kadi moja shilingi 6,500. Nilichukua 60, jumla 390,000. Kwa fedha hizo steshenari za mjini zingenipa kadi 250 za rangi zenye utepe, na ya bodaboda ingebaki. Halafu mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa kamati ya sendofu ya mdogo wangu, kwa hiyo fikirieni kikao kilivyochafuka nilipotaja bei. Shemeji mmoja aliuliza kama hizo kadi zinaliwa.

Tulichokubaliana mwishowe ni kwamba wageni wote watumiwe kadi ya WhatsApp, ile ya kuskani mlangoni, na kadi 60 za karatasi ziende kwa wazee, wakwe, washenga, na wale watu ambao ukiwatumia picha kwenye simu wanahesabu hujawaalika. Kila ukoo unawajua watu wake wa namna hiyo.

Karakana iko Kizota, chumba kimoja nyuma ya nyumba, bango hakuna. Mzee mwenyewe ana miaka sabini na kitu. Kazi alijifunzia ujanani kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, na kiwanda kilipohamia mashine za ofseti yeye akavinunua vyuma vilivyokuwa vinakwenda kwa watu wa skrepa. Nilipomwamkia "Shikamoo mzee" aliitikia "Marahaba mama, mbukwa" (salamu ya Kigogo) bila kuinua kichwa, maana mkononi alikuwa na mstari wa herufi za chuma zilizopangwa moja moja, na ukiziachia zinamwagika.

Maisha yangu yote nimesema "kupiga chapa" bila kulisikia neno lenyewe. Printa ya ofisini haipigi kitu. Inanyunyiza wino au inayeyusha unga juu ya karatasi. Ile ya Kizota inapiga. Ubavuni ina neno Arab kwa herufi za chuma, ingawa aina hiyo ilitengenezwa Halifax, Uingereza. Pembeni ina gurudumu kubwa, chini pedali kama ya cherehani. Rola zinapanda kuchukua wino kwenye sahani ya duara, zinashuka kuupaka kwenye herufi, kisha taya mbili zinafumbana, moja imebeba herufi, nyingine imebeba karatasi. Mkono mmoja unaweka, mwingine unatoa, mguu haupumziki. Vidole vyake viko kumi kamili. Nilivihesabu.

Nilikwenda na picha kwenye simu, kadi za Marekani ambazo maneno yamezama kwenye karatasi kama nyayo kwenye tope. Nikamwambia nataka hivyo. Akaitazama picha, akacheka kidogo. "Mwanangu, sisi karatasi ikivimba mgongoni msimamizi alikuwa anakurudishia kazi yote. Mchapaji mzuri anaigusa tu." Akanieleza kuwa wanaozamisha hivyo wengi hawatumii herufi za risasi, wanatumia bamba la plastiki linaloangazwa kwa mwanga wa urujuanimno, sehemu isiyopata mwanga inaoshwa kwa maji, na iliyobaki imeinuka ndiyo inayochapa. Likichoka unatengeneza lingine. Herufi zake ni risasi iliyochanganywa na antimoni na bati, zina kimo kimoja cha milimita 23 na kitu, na ukizigandamiza kwa nguvu kila siku nyuso zinabonyea. Akibonyeza k leo, kesho hana pa kuinunua.

Hiyo k ikumbukeni.

Tukapatana katikati: karatasi nene ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ambayo ni laini kuliko manila, na pigo la wastani. Ukipitisha kidole unaona bonde, ukigeuza nyuma hakuna kitu. (Karatasi yenyewe inaagizwa nje. Pamba tunalima Simiyu na Shinyanga, karatasi ya pamba tunanunua kwa watu. Napita.)

Mchoro nao ulileta maneno. Nilitaka mbuyu. "Mbuyu umechoka, mama. Kila anayekuja anataka mbuyu. Huyo binti kwenu alikuwa anafanya nini alipokuwa mdogo?" Nikamwambia mama ana kishamba cha zabibu Hombolo, na msimu wa kuvuna mdogo wangu alikuwa anakula nusu ya anachochuma. Hakuongeza neno. Wiki iliyofuata nilikuta kichala cha zabibu na jani moja amekichonga kwenye kipande cha lino (linoleamu, ile ya kutandika sakafuni), kimegundishwa juu ya ubao ili kifikie kimo cha herufi. Kinachobaki ndicho kinachochapa, kilichochongwa kinaachwa cheupe, na kila kitu kimegeuzwa kama kwenye kioo. Zabibu tatu za chini aliziacha zina mikwaruzo ya patasi. Nilidhani hajamaliza. Kumbe mikwaruzo ndiyo inayofanya punje zionekane zina mwanga.

Sasa maneno. Kamati ilikuwa imeandika maneno ya siku zote: kwa furaha kubwa inakukaribisha, kwenye sherehe ya kumuaga, itakayofanyika katika ukumbi, siku ya, kuanzia saa 12 kamili jioni, kisha Kufika kwako ndiko kukamilika kwa furaha yetu. Mzee akasoma huku midomo inahesabu. Akasema, "Hapa kuna k ndogo 22. Mimi katika herufi hii ya ukubwa wa pointi 18 nina 14."

Nilicheka nikidhani anatania. Akavuta sanduku. Herufi zimelala kwenye vyumba vya ukubwa tofauti, na chumba kikubwa kuliko vyote ni cha e, kwa sababu sanduku lilipangwa na watu wa Kiingereza. K wamempa kichumba cha pembeni, kidogo kama vya q, x na z, herufi ambazo wao hawana haja nazo sana. Sisi bila k hata salamu haitoki. Jaribu kuandika "karibu", au "kukukaribisha", ambayo ina tatu kabla hujafika katikati. Na a ndizo zinazoisha kwanza ukichapa kurasa nyingi. Kule misheni, anasema, walikuwa wanaagiza pakiti za ziada za a, k na w peke yake. Mimi tangu siku hiyo nawafikiria waliopanga magazeti ya kwanza ya Kiswahili, kama Msimulizi la wamisionari kule Zanzibar mwaka 1888, wamekaa na sanduku la e zisizo na kazi.

Nikarudi nyumbani na kazi ya kupunguza k. Nilidhani ni dakika kumi, tukakaa siku tatu. "Itakayofanyika katika" ilikufa ya kwanza na hakuna aliyeililia. Kadi yenyewe ni ya mwaliko, nani atadhani sherehe haitafanyika? "Kamili" ikaenda. "Kufika kwako ndiko kukamilika" ikaenda na k zake saba. Mimi nilipata wazimu kidogo nikaandika: Binti yetu anaondoka nyumbani, njoo tumuage. Baba akaisoma, akaivua miwani. "Hii kadi haina shikamoo." Alikuwa sahihi. Tukaishia hapa:

Familia ya Bwana na Bibi fulani, Ipagala, kwa heshima na furaha inakualika (nafasi ya jina) tumuage pamoja binti yetu fulani, Jumamosi, 6 Septemba 2025, saa 12 jioni, Ukumbi wa fulani, Dodoma.

K nne. Kadi ikabaki na nafasi nyeupe pande zote na kichala cha zabibu kikapata pa kupumulia. Ningekuwa kwenye kompyuta nisingefuta hata neno moja, ningepunguza tu ukubwa wa maandishi mpaka yote yaenee, kama kadi zote nilizowahi kupokea.

Rangi tulitaka damu ya mzee. Anaichanganya kwenye kioo kwa kisu bapa: nyekundu, tone la bluu, weusi wa ncha ya kisu, halafu anachovya kidole na kukigongagonga kwenye kipande cha karatasi ileile, maana wino kwenye kioo unadanganya. Mchanganyiko wa kwanza ulitoka rangi ya maini. Wa pili ulikuwa mzuri usiku chini ya taa, asubuhi ukawa mweusi. Wa tatu ndio. Kila rangi ni mzunguko wake: siku ya kwanza maneno kwa weusi, rola zinasafishwa, siku ya tatu zabibu. Wino ni wa mafuta, unakauka kwa hewa taratibu, na kadi zikibebana mapema ya juu inachapwa na ya chini.

Hali ya hewa ya Dodoma nayo haikumwacha. Mwezi wa nane hewa ni kavu kiasi kwamba karatasi ya pamba ikilala wazi usiku inaamka imejikunja. Chumbani kwake kuna ndoo mbili za maji na kanga mbichi imetundikwa, ile kanga ina kazi kuliko feni. Madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, lakini upepo wetu mnaujua. Kadi tatu nilizopokea zina kidoa cha vumbi kimechapwa ndani ya jani. Kwa 6,500 nilitegemea azitoe, na nilimwambia.

Kubwa lilikuwa kwenye kadi ya majaribio. Nilisoma majina, sawa, ukumbi, sawa, nikasaini. Nikiwa nimeshavaa helmeti ya bodaboda ikanijia kwamba kuna kitu. Nikarudi. Kadi ilikuwa inasema Jumamosi, 9 Septemba. Ile 6 ilikuwa imesimama kichwa chini, na ukiangalia vizuri imekaa chini kidogo ya mstari. Kila kijiti cha herufi kina mfuo tumboni ili kidole kijue upande bila macho, na mzee kidole kilimpita. Aliniomba radhi mara mbili, akaitoa kwa kibano, akaigeuza, akakaza kabari za fremu. Hakunitoza. Lakini bila helmeti kuniziba masikio nikasikia akili yangu, wakwe zetu wa Morogoro wangekuja Jumanne. Ukifanya kazi naye, soma kadi ya majaribio nyumbani, na mpe mtu ambaye hajui tarehe ya sherehe.

Mengine kwa haraka. Alichelewa siku nne. WhatsApp hajibu, piga simu, na usipige anapochapa. Hana usafiri. Kalamu za wino wa maji zinatapakaa kwenye karatasi ya pamba. Majina ya wageni tuliandika kwa kalamu ya kawaida, kadi mbili tulishaziharibu kabla hatujajua. Neno "singo" na "dabo" alilibadilisha katikati ya kazi bila kubomoa mstari mwingine: 40 za dabo, 20 za singo. Alikata karatasi 70, sita zikaharibika, nne za ziada akanipa bure.

Kilichonishangaza zaidi ni vikadi vya meza, ambavyo sikuvipangia hata bajeti. Bwana harusi ni wa Morogoro. Nilikuwa nataka namba, meza ya 1, meza ya 2. Mzee akasema namba zinawapanga watu kwa vyeo, wa meza ya 9 ananung'unika tangu anakaa. Akatoa herufi kubwa za mbao, zimepauka na zina makovu, akapanga majina ya vituo vya treni toka kwa bwana harusi hadi kwa bibi harusi: Morogoro, Kilosa, Kidete, Gulwe, Igandu, Dodoma. K kubwa anayo moja tu, lakini kila kikadi kinachapwa peke yake, kwa hiyo ile ile iliyofungua Kilosa ikaoshwa ikafungua Kidete. Makovu ya mbao yalitokea kwenye wino kama mistari ya kiganja. Vikadi 12, viwili kwa kila kituo, shilingi 30,000. Ukumbini watu walikuwa wanaulizana "wewe umeshukia wapi?" na wa Gulwe wakawa wanapiga kelele kuliko wote.

Ningeagiza tena? Kwa wageni 250, hapana, na ukimlazimisha atakubali halafu mtagombana. Kwa kadi 50 au 60, vikadi vya meza, vya shukrani, ndiyo, ukiwa na wiki tano na ukikubali kwamba yeye atakuuliza maswali ambayo ulikuwa huna majibu yake. Bibi yetu wa Kondoa, ambaye macho yamepungua, aliisoma ile kadi kwa kidole gumba. Alizihesabu zabibu, akasema ziko 17. Nikaenda kuhesabu kwa macho. Ni kweli.

Nilipokwenda kumalizia hela nilimkuta anarudisha herufi sandukuni, moja moja, bila kuangalia. Jina la mdogo wangu lilikuwa limebaki silabi ya mwisho. Akamaliza, akafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, akavuta kile kichumba cha pembeni na kuzihesabu k kwa ncha ya kidole. Zilikuwa 14.