Kusafisha picha nyeusi na nyeupe ukiwa Kigoma: wino upi, printa ipi

Picha ya rangi husamehe mengi. Nyeusi na nyeupe haisamehe: kijivu kikipotoka kidogo tu, dagaa walioanikwa Kibirizi wanatoka na ukijani kana kwamba wameota ukungu. Kwa hiyo kabla ya bei ya printa, uliza kama ina wino wa kijivu. Nimezipanga kuanzia iliyo bora.

1. Printa ya pigmenti yenye vijivu vyake. Hapa ni Epson SureColor za mfululizo wa P na Canon imagePROGRAF PRO. Kwa kuwa zina katriji za kijivu, hazitegemei sana mchanganyiko wa samawati, majenta (waridi iliyokoza) na njano. Pigmenti ni chembechembe zinazobaki juu ya karatasi, nazo huvumilia mwanga na unyevu wa ziwa kuliko wino wa kuyeyuka, ule ambao rangi yake huyeyushwa ndani ya maji. Karatasi ya kung'aa ina mweusi wake, isiyong'aa ina wake. Fundi asiyejua tofauti hiyo usimwachie kazi. Bei ni kali, na hedi, kile kichwa kinachorusha wino, huziba printa ikikaa bila kazi. Kama huna wateja wa kila wiki, usinunue. Tuma faili kwa mwenye nayo Dar, akurudishie picha kwa basi, zimeviringishwa ndani ya bomba gumu.

2. Epson L8160 au L8180. Ya kwanza ni ya A4, ya pili inafika A3. Ni za matangi ya kujaza wino kwa chupa, na kati ya wino zake sita mmoja ni kijivu. Studio ndogo ya Mwanga au Ujiji ikiniomba ushauri, jibu langu ni hili, hata mbele ya namba moja. Wino wake wa picha ni wa kuyeyuka, kwa hiyo weka picha nyuma ya kioo, mbali na dirisha la jua.

3. Karatasi ya maabara, ile inayopigwa mwanga wa leza kisha kupitishwa kwenye dawa. Haina matone, vivuli vyake ni laini mno. Ila karatasi yenyewe ni ya rangi, na dawa zisipopimwa vizuri kijivu huvutwa upande.

4. Epson L805 na L1800. Hizi ndizo za mtaani. Zina rangi sita pia, lakini mbili za ziada ni samawati hafifu na majenta hafifu, kijivu hakuna. Ukiwa nayo tayari, usiiuze: tumia wino halisi, chupa za T673 za ml 70. Wino wa kujazia usiojulikana ulikotoka ndio mara nyingi unaoleta ule ukijani.

5. Printa ya joto, inayohamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi karatasi, mfano DNP DS-RX1. Utepe wake una njano, majenta na samawati, hauna mweusi kabisa, kisha tabaka la kinga. Pasipoti na harusi, sawa.

6. Printa ya leza ya steshenari. Tangazo la msiba linatosha. Ukichapa picha ya meli ya Liemba ikiwa gatini, anga inajaa vitone.

Popote uendapo, peleka kwanza ukanda wa ngazi za kijivu, kutoka nyeusi tii hadi nyeupe, uchapwe kwenye karatasi utakayotumia. Utazame chini ya taa ya dukani, kisha toka nao juani. Kijivu kikigeuka zambarau au kijani ulipotoka nje, lipia huo ukanda tu uondoke.