Chemka, Wilaya ya Hai: Maji Moto Yasiyo ya Moto

Mtu anayekwenda kuogelea katika chemchemi ya Chemka kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kupotoshwa na majina mawili kabla hajavua viatu. Jina la kwanza ni la kijiji chenyewe, linalomfanya afikirie sufuria iliyo jikoni. La pili ni "maji moto", ambalo ndilo madereva na wapiga debe wa stendi ya Moshi hulitumia kila siku. Binamu yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Dar es Salaam mwezi Agosti, alichovya kidole cha mguu, kisha akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Kaka, mbona ni uvuguvugu tu?" aliuliza. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mzizi, ambaye tulikuwa tumekwisha kumwamkia na kuitikiwa marahaba, alimjibu kabla yangu: "Mjukuu wangu, hapa hayachemshwi na mtu. Yanachemka kwa kutoka chini." Akamwonyesha kwa fimbo mahali ambapo mchanga ulikuwa ukitibuka polepole chini ya maji, kama uji unaokaribia kuiva.

Maelezo ya mzee yule yanatosha kuliko mengi niliyowahi kusikia kwa waongoza watalii. Maji haya ni ya mvua iliyonyesha juu, katika ukanda wa misitu wa milima, yakanywea ardhini, yakapita katika miamba iliyotokana na volkano na hatimaye yakaibukia huku kwenye tambarare kavu. Wageni wengi hupenda kuamini kwamba wanaogelea katika theluji ya Kilimanjaro iliyoyeyuka, na kuna wanaowauzia simulizi hiyo pamoja na soda. Lakini mchango wa theluji katika maji ya ardhini ya mlima huu ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa mvua ya msituni. Kwa sababu maji yamechujwa na mwamba kwa muda mrefu, yanatoka yakiwa angavu kiasi kwamba unaona sarafu iliyoanguka chini, na rangi yake hubadilika kati ya buluu na kijani kadiri jua linavyopenya katika matawi ya mikuyu.

Kufika si kazi ngumu, ila kunahitaji subira. Kutoka Moshi unafuata barabara kuu ya Arusha mpaka Boma Ng'ombe, na anayetoka Arusha anapita njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kabla ya kufika hapo hapo. Ukiondoka alfajiri utapata zawadi ambayo hailipiwi kiingilio: Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ukiwa upande mmoja, na Meru, wenye mita 4,566, ukiwa upande mwingine, yote miwili bila wingu. Boma Ng'ombe unaiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea kusini, upande wa Rundugai. Wakati wa kiangazi vumbi lake ni jepesi kama unga na huingia hata katika chakula kilichofunikwa. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo huo huo hugeuka utelezi, na gari dogo linaweza kukwama. Sisi tulichukua bodaboda mbili. Kijana mmoja tulikubaliana naye nauli ya kwenda na kurudi, lakini saa ya kurudi ilipofika akadai kwamba tulikubaliana ya kwenda peke yake. Tulilipa nusu ya alichodai na tukarudi tumenyamaza. Nashauri makubaliano yafanyike mbele ya mwenzake kijiweni, na fedha zote zitolewe mwishoni.

Njia hiyo haikuandai kwa kile utakachokiona. Unapita mashamba ya mahindi yaliyokauka, miiba, mbuzi na vijana wa Kimasai wakichunga, na huoni dalili yoyote ya maji. Kisha ghafla kuna kisiwa cha miti mikubwa, hewa inabadilika, na unasikia watu kabla ya kuwaona. Mizizi ya mikuyu imeshuka kutoka kingoni hadi majini na imekuwa ngazi, benchi na kamba za kujishikizia kwa wakati mmoja. Kuna kamba halisi pia, iliyofungwa tawini, ambayo vijana huishika, hukimbia na kujiachia katikati ya bwawa. Nilijaribu mara moja na nimeridhika. Mtu wa umri wangu anatosheka na kukaa juu ya mzizi huku samaki wadogo wakimdonoa nyayo. Samaki hao hawaumi, bali wanatekenya, na binamu yangu, ambaye alikuwa bado amenuna kwa sababu ya jina, alicheka kwa sauti kubwa hata akasamehe kila kitu.

Jambo ambalo wenye kuandika sifa za Chemka hulipitia haraka ni kina. Pembeni mtu mzima anasimama, lakini katikati hasimami, na maji yanaelekea upande wa kutokea kwa nguvu ambayo haionekani kwa macho, kwa sababu uso wake umetulia. Asiyejua kuogelea asione haya kukodi jaketi la kuokolea maisha au tyubu ya gari, na mtoto asiachwe hata kwa muda wa kufungua chupa ya maji. Mizizi nayo huteleza. Nilimwona mama mmoja akianguka na simu yake mkononi, na simu ndiyo iliyoumia.

Sasa nifike penye manung'uniko yangu. Chemka ya Jumatano saa mbili asubuhi na Chemka ya Jumapili saa nane mchana ni mahali pawili tofauti kabisa. Jumatano tulikuwa watu wasiozidi kumi, tumbili walishuka hadi kwenye mikoba yetu, na mlio mkubwa kuliko yote ulikuwa wa maji. Jumapili moja ya mwaka uliopita nilikuta foleni ya magari, mabwawa yote yamejaa, na mwenye kibanda kimoja cha vinywaji ameelekeza spika zake majini kana kwamba samaki walikuwa wateja wake. Siwalaumu wanaofurahi, kwani sherehe ni ya kila mtu, lakini mahali ambapo uzuri wake ni utulivu hapahitaji spika. Anayetaka kuyaelewa maji haya na aende siku ya kazi, tena mapema.

Chakula kinapatikana, na sina mengi ya kukisemea: kuku, chipsi, nyama choma na ndizi, vyote vikichukua muda mrefu kuliko unavyoambiwa. Agiza kabla ya kuingia majini. Sisi tulikuwa tumekunywa mtori Moshi mjini asubuhi, na kwa maoni yangu huo ndio uamuzi bora tuliofanya siku ile.

Wageni wanaotulia kwangu huniuliza kama ni afadhali waende Materuni au Duluti. Materuni, kule Uru, ina maporomoko marefu na kahawa inayokaangwa na kutwangwa mbele ya macho yako, lakini maji yake ni ya baridi inayokata pumzi, na magoti yanatakiwa yawe mazima kwa ajili ya ule mteremko. Duluti, karibu na Tengeru, ni ziwa la kreta lenye msitu wa hifadhi, pazuri kwa kupiga kasia na kutazama ndege, wala si mahali pa kuogelea. Kwa familia yenye watoto na bibi mmoja asiyependa kupanda milima, Chemka inazipita zote mbili, kwa sharti la siku na saa niliyokwisha kuitaja.

Kabla ya kuondoka tulitembea kidogo kufuata maji yanakoelekea. Hapo ndipo burudani yetu inapogeuka maisha ya watu wengine, kwa kuwa maji yanayotoka chini ya mikuyu huingia katika mto Kikuletwa, na wakulima wa tambarare hii huyagawana kwa mifereji ili kumwagilia mashamba yao. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye wavuvi wake na mitambo ya umeme ya megawati 8, na kutoka hapo mto unaitwa Pangani mpaka baharini. Tulipokuwa tumesimama hapo, kikundi cha wageni kilikuwa kikipaka shampuu bwawani. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji kwa ndoo hatua chache kwa chini aliwatazama, akamimina alichokwisha kuchota, akapanda upande wa juu zaidi na kuanza upya. Hakusema neno. Sabuni na mafuta ya ngozi yaachwe nyumbani, na kuoga kufanywe kabla ya kuja.

Nitaongeza mambo machache kwa anayefunga mkoba usiku huu. Beba maji ya kunywa, kwa sababu maji ya ukanda huu wa Meru na Kilimanjaro yanaweza kuwa na madini mengi ya floridi, yale yanayowapa wengi wetu meno ya kahawia, na uangavu si ushahidi wa usalama. Beba fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa chenji ni tatizo la kudumu getini na vibandani, na uombe risiti ya kiingilio. Chukua malapa yasiyoteleza, khanga ya kubadilishia nguo na mfuko wa kurudishia takataka zako. Panga kuondoka kabla ya saa kumi jioni, kwa maana bodaboda za kurudi Boma Ng'ombe hupungua kadiri jua linavyoshuka, na zinazobaki zinajua kwamba zimebaki.