Uzoefu wangu: makasha ya Blu-ray ya Doctor Who kwenye unyevu wa Mombasa

Nianze na hukumu, sababu zifuate. Makasha ya Doctor Who yanayotolewa kwa jina la The Collection ni kazi ya watu wanaoipenda tamthilia yenyewe, na picha zake hazina mshindani. Ila lile toleo maalumu la kadibodi halikubuniwa kwa ajili ya mtu anayeishi Pwani. Diski hustahimili, karatasi ndiyo inayoumia.

Kwa asiyeyajua: Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, ilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, na awamu yake ya zamani ikakatika 1989 baada ya misimu 26. Tangu 2018 misimu hiyo inatolewa mmoja mmoja kwa Blu-ray, diski za video zenye ubora kuliko DVD, tena bila mpangilio. Walianza na msimu wa 12, wakarukia wa 19, wakarudi 18, wakashuka hadi 10, kisha 23, 26, 14. Ukipanga rafu, acha mapengo mapema, la sivyo utahamisha makasha kila mara. Msimu hutoka kwanza katika toleo maalumu: ala ya kadibodi yenye mchoro wa Lee Binding, na ndani yake kitabu cha kurasa nene zilizogundishwa vishikio vya plastiki vya diski. Likiisha, unabaki kwenye rehema za wauzaji wa mkono wa pili. Baadaye hufuata toleo la kawaida, kasha la plastiki. Diski ni zilezile. Kwa hiyo fedha ya ziada unailipia kadibodi, na hapo ndipo mkazi wa Mombasa anapaswa kufikiri mara mbili.

Kuhusu picha, msimu wa 12 (1974–75, wa kwanza wa mwigizaji Tom Baker) ni kipimo kizuri: hadithi 5, sehemu 20, diski 6. Asitarajie mtu picha kali kama ya sinema mpya. Matukio ya studio yalirekodiwa kwenye mkanda wa video wa mistari 625, na mkanda huo hauna undani zaidi ya uliomo, hata ukuzwe vipi. Matukio ya nje mara nyingi yalipigwa kwa filamu ya milimita 16. Tazama Genesis of the Daleks: mtu akitoka nje, picha hubadilika ghafla, chembechembe za filamu zinaonekana na mwendo unakuwa mzito kidogo, akirudi ndani, mwendo unateleza tena. Hiyo si kasoro ya diski, wala televisheni yako haijaharibika. Ukitaka Blu-ray yenye undani kamili wa filamu, tafuta Spearhead from Space ya 1970, ambayo ilipigwa yote kwa filamu.

Kabla ya kutazama, zima kwenye televisheni kile kipengele cha kulainisha mwendo, punguza ukali wa picha, na uache umbo la 4:3 lenye nafasi nyeusi pembeni. Kuvuta picha ijaze kioo kunawafanya watu wote wawe wafupi na wanene. Deki iachiwe ichague yenyewe kasi ya picha. Ukiilazimisha hezi 60, picha za hezi 50 zitarukaruka.

Sasa suala la maeneo ya dunia ambayo diski na deki hufungiwa, linalowachanganya wengi. Kwa Blu-ray, Kenya na Uingereza zote zimo eneo B, kwa hiyo kasha la London na deki iliyonunuliwa kihalali hapa vinaelewana. Kwa DVD mambo ni tofauti: Uingereza ni 2, Kenya ni 5. Deki nyingi za bei rahisi madukani kwetu hucheza DVD zote, lakini hilo halina maana kwamba Blu-ray yake pia imefunguliwa. Mzigo wa Dubai hauna shida, kwa sababu kule ni B na 2. Tatizo ni deki au konsoli ya michezo iliyotoka Marekani: ni eneo A, na deki nyingi za kule ni za volti 120 tu. Ichomeke kwenye umeme wetu wa 240 na utasikia harufu kabla hujaona picha. Deki ya Uingereza haina haja ya transfoma, hata plagi yake ya pini tatu ni hii hii yetu.

Ukiagiza, angalia kama mwuzaji ameondoa VAT ya Uingereza ya asilimia 20, maana bidhaa inayosafirishwa nje haipaswi kuilipa, na si kila duka la mtandaoni linakumbuka. Huku VAT ya asilimia 16 haikokotolewi juu ya bei ya kasha pekee: hujumlishwa bei, nauli, bima na ushuru wenyewe kwanza. Ndiyo maana makadirio ya wengi hupungua. Kwenye anwani andika S.L.P., msimbo 80100 na namba ya simu. Lalamiko langu kubwa ni kwa wauzaji wanaotia kasha la kadibodi ndani ya bahasha ya plastiki yenye povu. Pembe hufika zimebonyea, kila mara. Mwombe katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na sentimita 3 hadi 5 za karatasi katikati. Piga picha kabla ya kukata gundi ya mfungashio.

Kuhifadhi ndiko kwenye kazi. Ukungu na koga hushamiri unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 au 70, na Mombasa wakati wa masika kipimo hicho hupitwa hata kabla jua halijachomoza. Dalili ya kwanza si madoa. Kadibodi hunywa maji, ikavimba, na kitabu kikakwama ndani ya ala. Usikivute kwa kucha kutoka ukingo wa juu. Hapo ndipo ganda la mng'aro linapobanduka. Geuza mdomo wa ala uangalie chini juu ya godoro, tikisa taratibu, kiache kitoke kwa uzito wake.

Dawa niliyoiona inafaa ni ndoo la plastiki la mstatili lenye mpira kwenye kifuniko na vibanio pembeni, aina ile ya kuwekea unga. La lita 30 hubeba makasha kadhaa. Tia kipima unyevu kidogo na gramu 200 za jeli ya silika (chembe za kunyonya unyevu) ya kubadilika rangi, kisha lenga asilimia 40 hadi 50. Wengi hushindwa hapa: hufunga ndoo siku ya mvua, wakafungia unyevu ndani. Funga alasiri kavu ya kaskazi. Hata hivyo kadibodi yenyewe itaendelea kutoa maji, na jeli ya kwanza itachoka ndani ya siku chache. Ibadilishe, kisha ya pili itakaa wiki nyingi. Iliyochoka ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu. Vifuko vile vinavyokuja na viatu vipya havitoshi kitu.

Koga ikishaingia, usifute kwa kitambaa chenye maji, utaipaka tu. Kausha kasha kivulini penye upepo, si juani, kwani jua hukunja kadibodi na kufifisha rangi. Kisha piga brashi laini, ukiwa nje ya nyumba. Mifuko ya kufunikia iwe ya polipropilini. Ile ya PVC hunata kwenye mchoro kwa joto letu.

Diski yenyewe haitaki mengi: kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Na tafadhali, ile dawa ya meno watu wanayosugulia DVD isiguse Blu-ray. Kwenye DVD data ziko milimita 0.6 ndani, kwenye Blu-ray ni 0.1 tu.

Kwa sababu hizo zote mimi hupendekeza toleo la kawaida kwa misimu mingi. Toleo maalumu ningelitengea msimu wa 2, na hata hapo ujue unachonunua: sehemu ya 2 na ya 4 za hadithi ya The Crusade zilipoteza picha zake za mwendo, ikabaki sauti, kwa sababu BBC ilitupa nakala nyingi za miaka ya 1960. Sehemu tisa za hadithi nyingine zilizopotea zilipatikana Jos, Nigeria, na kutangazwa Oktoba 2013. Jos iko nyanda za juu, kuna ubaridi. Mikebe ile ya filamu ingelala miaka yote hiyo kwenye stoo ya Kilindini, naamini ingefunguliwa ikinuka siki, harufu ya filamu inayooza.